Bukavu: Lango la mbao linagoma kufungwa, mwenye nyumba analaumu fundi, fundi analaumu mvua

Mwezi wa tisa unapofika na mvua kurudi juu ya milima ya Bukavu, sauti moja inaanza kusikika jioni katika mitaa ya Panzi, Kasali ama Nyakavogo. Mtu anasukuma lango la lupango wake kwa bega, mara moja, mara ya pili, kisha anaita mtoto aje kusaidia. Komeo halifikii tena tundu lake. Kona ya juu imegusa nguzo, kona ya chini imetokeza nje kama upana wa vidole vitatu. Mwezi wa saba lango hilo hilo lilikuwa linafungwa kwa mkono mmoja.

Kwa familia isiyo na mlinzi, hilo si jambo la urembo. Wezi wa usiku wanajulikana katika komini zote tatu za mji, na lango ndilo kizuizi cha kwanza kati ya barabara na mlango wa chumba. Likikataa kufunga, watu wanaliegemeza jiwe kubwa, wanalifunga kwa mnyororo na kufuli, ama kijana wa nyumbani anaambiwa alale karibu na dirisha ili asikilize. Asubuhi fundi anaitwa. Hapo ndipo maneno yanaanza: mwenye nyumba anasema aliuziwa mbao mbaya, fundi anasema hakuna mtu anayeweza kushindana na mvua ya Bukavu, na pesa zilikwisha kulipwa.

Mvua ina sehemu yake katika kesi hii, lakini ni sehemu ndogo. Lango nyingi zinazopinda mwezi wa kumi zilikwisha kuharibika siku zilipotengenezwa, wakati bado zinang'aa na verni mpya. Chanzo ni mbao ambazo hazikupewa muda wa kukauka, na muda huo hakuna anayetaka kuulipia.

Ubao unatembea

Mti uliotoka kukatwa umejaa maji. Kwa aina nyingi, maji hayo yanazidi nusu ya uzito ambao mti huo utakuwa nao ukikauka. Sehemu moja ya maji iko ndani ya mirija midogo ya mti, na ikitoka, ubao unakuwa mwepesi tu, haubadili umbo. Sehemu nyingine imeshikana na nyuzi zenyewe. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya nyuzi yanaanza kutoka, na hapo ubao unaanza kupungua.

Shida ni kwamba haupungui sawasawa pande zote. Kwa urefu, ubao wa mita mbili unapoteza milimita chache tu. Kwa upana ni hadithi nyingine. Ukitazama kichwa cha ubao, pale uliposagwa na msumeno, unaona mistari ya duara. Mti unapungua karibu mara mbili zaidi ukifuata duara hizo kuliko ukifuata njia ya kutoka moyo wa mti kwenda kwenye ganda. Kwa hiyo ubao uliokatwa pembeni ya gogo unajikunja: uso uliokuwa unaelekea ganda unaingia ndani kama mfereji, na uso wa upande wa moyo unatokeza kama mgongo. Fundi anayejua kusoma kichwa cha ubao anaweza kutabiri utapinda kuelekea wapi kabla haujapinda.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Muvula, ambao ni mmoja wa miti inayotulia vizuri zaidi, unapungua karibu asilimia 6 kwa upana kutoka ubichi hadi ukavu kamili. Lango la nje halifiki ukavu kamili. Katika hewa ya Bukavu, ambapo unyevu hauishi, ubao unatulia karibu na asilimia 15, yaani nusu ya safari. Ubao wa muvula wa sentimita 20 uliopigiliwa ukiwa mbichi utapoteza kama milimita 6. Mbao sita zikipangwa bega kwa bega, zimepoteza zaidi ya sentimita 3. Mikaratusi mingi inapungua zaidi, na kwa aina kadhaa inaweza kufikia asilimia 10: mbao sita za upana huo huo zinaweza kula sentimita 6. Misumari inakataa kusogea, mbao zinataka kusogea, basi zinapasuka ama zinavuta fremu nzima na kuipotosha.

Na hata baada ya kukauka, ubao haukai kimya. Kutoka mwezi wa sita hadi wa nane unanywea kidogo, mvua zikirudi unavimba tena. Mwendo huo hauwezi kuzuiliwa na rangi wala msumari wowote. Unaweza kupunguzwa, na unaweza kuachiwa nafasi.

Mbao zinafika mjini zikiwa bado zinalia

Mbao nyingi ngumu zinazouzwa Bukavu zinatoka katika misitu ya mbali, upande wa Walikale, Shabunda na Mwenga. Mti unaangushwa na kupasuliwa palepale msituni kwa msumeno wa mashine, mbao zinabebwa kwa kichwa ama kwa mgongo hadi barabarani, kisha zinangoja lori. Barabara ikiharibika kwa mvua, zinangoja zaidi, zimelala juu ya matope, zimefunikwa na sheti ama hazikufunikwa. Zikifika depo mjini, zinasimamishwa ukutani au kurundikwa moja juu ya nyingine bila hewa katikati. Ubao wa juu unachomwa na jua, wa katikati unaota ukungu, wa chini unanywa maji ya ardhi. Baadhi zinafika zikiwa zimekwisha kujisokota kama kamba.

Mikaratusi inatoka karibu zaidi, katika mashamba ya Kabare na Walungu, na mara nyingine inakuwa lango kabla hata majani yake hayajaisha kukauka shambani.

Baada ya hapo inakuja desturi ya avansi. Mteja anafika kwa fundi na nusu ya pesa na anataka lango kabla ya harusi, kabla ya mwisho wa mwezi, kabla mpangaji mpya hajaingia. Fundi hana akiba ya mbao, sababu akiba ni pesa iliyolala, na fundi mwenye watoto shuleni hawezi kulaza pesa miezi mitano. Anakwenda depo na avansi ile, ananunua siku hiyo hiyo, anapiga randa siku inayofuata. Kila fundi mzuri wa Kadutu ama Bagira anaujua ubao mbichi kwa mkono: ni baridi, ni mzito, randa inatoa utepe wenye unyevu, msumari ukiingia unatoa jasho pembeni. Anajua, lakini akimwambia mteja angoje, mteja atavuka barabara na kumpa kazi jirani.

Kwa hiyo ni vigumu kumtupia fundi peke yake mzigo huu. Mteja anakubali kulipia ubao mnene zaidi, kufuli kubwa zaidi na rangi ya bei zaidi, huku akikataa kitu kimoja ambacho kingemsaidia.

Kukausha bila mashine

Kiwanda cha kukausha mbao si lazima. Kinachotakiwa ni paa, upepo na vijiti. Mbao zinalazwa juu ya matofali ama magogo, angalau sentimita 40 kutoka ardhi, mahali ambapo mvua haifiki na jua halipigi moja kwa moja. Kati ya tabaka moja na jingine vinawekwa vijiti vikavu vyenye unene mmoja, sentimita 2 ama 2 na nusu, kila nusu mita hivi. Vijiti vinapaswa kusimama juu ya vijiti vya chini yake, kwa mstari mmoja kuanzia chini hadi juu. Vikikaa ovyo ovyo, uzito unakunja mbao katikati na kazi yote inageuka hasara. Juu kabisa yanawekwa mawe ama mbao zisizo na faida, ili uzito uzilazimishe zikauke zikiwa zimenyooka.

Vichwa vya mbao vinapakwa rangi nzito iliyobaki chupani, hata ikiwa ya rangi mbili zilizochanganyika. Maji yanatoka kwa kasi kubwa kupitia vichwa kuliko kupitia ubavu, na kichwa kinachokauka haraka kuliko mwili ndicho kinachopasuka. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Inachukua muda gani? Ulaya kuna kanuni ya zamani inayosema mwaka mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Hapa joto linasaidia, na ubao wa sentimita 3 uliopangwa vizuri unaweza kuwa tayari kwa miezi michache, pengine minne, pengine sita, kulingana na mti na msimu. Si lazima kubahatisha. Kipande kimoja kinachaguliwa katikati ya rundo na kupelekwa kwenye mzani wa sokoni kila wiki, uzito unaandikwa kwa kalamu juu yake. Mwanzoni utashuka haraka, kisha pole pole. Ukiona wiki tatu zimepita na namba ni ile ile, ubao umefika pale ambapo hewa ya Bukavu inaweza kuufikisha. Mzani wa maharagwe unatosha kwa kazi hiyo.

Kuna wanaojaribu kufupisha njia kwa kulaza mbao mbichi juani kwenye mwezi wa saba. Uso unakauka na kukaza, ndani kunabaki maji, na ubao unapasuka ama unajikunja kwa wiki moja. Ni njia ya haraka ya kutengeneza kuni.

Mti upi, na ubao upi katika mti huo

Muvula unaheshimiwa kwa sababu. Moyo wake wa kahawia unastahimili mchwa na kuoza, na haupindi ovyo ukishakauka. Mafundi wanaulalamikia kitu kimoja: mara nyingine ndani yake kuna jiwe gumu jeupe ambalo mti wenyewe umelitengeneza, na meno ya msumeno yanaishia hapo. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na ganda, haina nguvu ya moyo hata kidogo. Mtu anayeuziwa muvula wenye nusu nyeupe amenunua nusu ya muvula.

Libuyu, jina ambalo wafanyabiashara wanaipa miti ya jamii ya akaju, ni mzuri kwa macho na unakubali verni. Nyuzi zake mara nyingi zimepishana, tabaka moja zinaelekea kulia na jingine kushoto, na ndiyo sababu ubao wake uliokatwa vibaya unajisokota. Kwa lango, libuyu unafaa ukiwa umekauka vizuri na umechaguliwa kwa jicho kali.

Mkaratusi una tabia ngumu zaidi. Ukiwa umesimama, sehemu yake ya nje inavutwa na ya ndani inasukumwa, kama upinde uliokazwa. Msumeno ukipita katikati, ubao unapinda palepale, kabla hata ya kukauka. Mti mchanga ndio mbaya zaidi. Anayelazimika kuutumia, na wengi wanalazimika kwa sababu ya bei, atafute mti mkubwa wa miaka mingi, akate mbao nyembamba, akausha taratibu na kutupa zile zilizo na moyo wa mti katikati. Sipre, ule unaopandwa pembeni ya mashamba na misheni, haufikii nguvu ya muvula, ila unatulia kuliko mkaratusi na unakubali msumari bila kupasuka. Watu wanaudharau bila sababu nzuri.

Ndani ya mti mmoja pia kuna mbao nzuri na mbaya. Mnunuzi anainua ubao, anaweka jicho kichwani mwake na kutazama hadi mwisho kama anayelenga bunduki: kinyonge chochote kinaonekana. Kisha anageukia mistari ya kichwani. Mistari inayosimama wima, kutoka uso mmoja hadi mwingine, ni dalili ya ubao utakaotulia. Mistari inayolala kama upinde ni dalili ya ubao utakaojikunja. Depo haikatazi mtu kuchagua kwa namna hiyo. Wenye haraka ndio wanaobeba ule wa juu.

Namna lango linavyoshikana

Lango la mbao ni vitu viwili: fremu inayobeba, na mbao zinazofunika. Kosa linaloonekana kila mahali mjini ni kuviunganisha kana kwamba ni kitu kimoja kisichosogea kamwe.

Mbao za kufunika ziwe nyembamba kwa upana, sentimita 10 hadi 12. Ubao wa sentimita 25 unapendeza na unaokoa kazi, lakini unasogea mara mbili zaidi na nguvu yake ya kujikunja inang'oa msumari. Kati ya ubao na ubao inaachwa nafasi ya milimita 3 hadi 5, kadiri msimu ulivyo: ikiwa kazi inafanyika wakati wa ukame, nafasi inakuwa kubwa zaidi, sababu mbao zitavimba. Asiyetaka mpita njia achungulie, atengeneze mbao za ulimi na mfereji, ama apige utepe mwembamba nyuma ya kila nafasi, umeshikwa upande mmoja tu. Visi zinakamata vizuri kuliko misumari, na tundu linatobolewa kwanza.

Kwenye fremu, pembe zinazoingiana kwa ulimi na tundu zina thamani kuliko pembe zilizogonganishwa tu na kupigwa misumari minne. Halafu kuna ule ubao wa mshazari. Lango nyingi za Bukavu zinao, na nyingi zimewekewa kinyume. Ubao huo unatakiwa kuanzia chini, upande wa bawaba, na kupanda hadi juu, upande wa komeo. Ukiwa hivyo, uzito wa lango unausukuma ubao kuelekea bawaba ya chini, na ubao unajua kubeba msukumo. Ukiwekwa kinyume unavutwa, misumari inateleza kidogo kidogo, na lango linainama upande wa komeo ndani ya mwaka mmoja. Mwenye nyumba anasema limepinda, kumbe limelala tu.

Bawaba, zile ambazo mafundi wanaita pomele, ziwe tatu kwa lango refu, na ile ya kati isogezwe karibu na ya juu. Chini iachwe nafasi ya sentimita 5 ama zaidi juu ya ardhi. Mvua ya hapa inaruka, na maji ya barabara yanashuka mlimani kwa nguvu: lango linalogusa udongo linakunywa kutoka chini kama utambi wa taa.

Upande mmoja wa rangi ni mtego

Kama kuna tabia moja ambayo inapindisha hata ubao mkavu, ni kupaka upande wa barabara na kuacha upande wa ndani. Pesa inaokolewa, wageni wanaona lango zuri. Lakini upande wenye rangi unapumua pole pole, upande mtupu unavimba na kunywea kila siku, na pande mbili za ubao mmoja zikiishi maisha tofauti, ubao unajikunja. Ni afadhali tabaka moja pande zote mbili kuliko matabaka matatu upande mmoja.

Rangi ianze kabla lango halijatundikwa, wakati bado vipande vinaweza kugeuzwa. Vichwa vya mbao, ndani ya matundu, chini kabisa ya fremu, mahali bawaba itakapokaa: hizo ndizo sehemu zinazokunywa maji mengi, na ndizo ambazo brashi haizifikii tena baadaye. Juu ya fremu ipigwe kofia, ubao mwembamba wenye mteremko, maji yasilale. Rangi nyeusi ama ya kahawia nzito inavuta joto la mchana, ile ya kufifia inavuta kidogo. Verni ya ndani ya nyumba inayopakwa nje inabanduka mapema, jua la urefu huu wa mita 1,500 halina huruma.

Bati linastahili neno lake. Watu wengi wanapigilia mabati upande wa nje wa lango la mbao, ili lisipenywe na macho wala na maji. Bati likilala moja kwa moja juu ya ubao, linafanya kazi ile ile ya rangi ya upande mmoja, tena vibaya zaidi: unyevu unanaswa nyuma yake, uso wa ndani unakauka, na baada ya misimu miwili lango lina tumbo. Anayetaka bati apige kwanza vibao vyembamba vya wima, kisha bati juu yao, hewa ipite katikati kutoka chini hadi juu.

Na mafuta machafu ya gari, yale ya vidanji? Yanafukuza maji kwa muda na bei yake ni karibu bure, ndiyo maana yanapendwa. Yanazuia rangi kushika milele, yanachafua nguo za kila anayepita, na mvua inayaosha hadi kwenye mfereji, kutoka mfereji hadi ziwani. Kwa nguzo ya uzio wa shamba mtu anaweza kubishana, lakini kwa lango la nyumba yanaleta hasara kuliko faida.

Pengine lango halina kosa

Mara nyingine lango limenyooka, ila nguzo imehama. Bukavu imejengwa juu ya miteremko ya udongo mzito unaovimba na kunywea kama ubao wenyewe. Huko Funu, katika komini ya Kadutu, ardhi inateleza pole pole mwaka hadi mwaka, na watafiti wamepima mwendo huo hata kwa setilaiti. Hakuna fundi wa mbao atakayenyoosha lango lililofungwa kwenye nguzo inayotembea. Kabla ya kulaumu mbao, timazi ama nivo inawekwa kwenye nguzo zote mbili. Zikiwa zimeinama, kazi ni ya fundi wa mawe na ya mfereji wa maji juu ya ukuta, siyo ya randa.

Nguzo ya mti inayozamishwa ardhini iwekewe kokoto chini ya mguu wake, na simenti inayoizunguka iinuke juu kidogo ya ardhi na kuteremka pande zote. Simenti iliyoachwa kama bakuli inashika maji, na nguzo inaozea hapo hapo.

Lililokwisha kupinda

Lango lililopinda halitupwi mara moja. Jambo la kwanza ni kutolichonga wakati wa mvua. Fundi anayeitwa mwezi wa kumi anapiga randa ubavu hadi lango lifunge, analipwa, anaondoka, na mwezi wa saba unaofuata nafasi imekuwa kubwa hata mkono wa mtoto unapita na kufungua komeo. Kinachofaa wakati wa mvua ni kusogeza tundu la komeo, si kuondoa mti.

Ikiwa lango limejisokota kidogo, bawaba zinaweza kulirudisha. Kona ya juu upande wa komeo ikitokeza nje, bawaba ya chini inasogezwa nje kwa kiasi hicho hicho, ama ya juu inarudishwa ndani, ama kila moja inachukua nusu. Lango linabaki limejisokota, lakini linafunga. Likiwa limeinama upande wa komeo, waya wa chuma wenye kikaza cha kuzungusha unavutwa kutoka juu ya bawaba hadi chini ya komeo, kinyume cha njia ya ubao wa mshazari, sababu waya unajua kuvuta na haujui kusukuma. Ubao mmoja uliojikunja unatolewa na kubadilishwa peke yake, kazi ambayo visi inaruhusu na msumari haukubali bila kuvunja.

Wenye uwezo wanahamia chuma, na chuma hakipindi kwa mvua ingawa kinaota kutu na kinangoja umeme wa kuchomelea. Katikati yake kuna njia ambayo bado haijaenea sana mjini: fremu ya chuma, mbao zilizokauka ndani yake, zimeshikwa na visi kwenye matundu marefu kidogo ili zipate kusogea. Inakula mbao chache, na mbao hizo hazibebi uzito wowote.

Kwa anayetaka lango jipya la mbao kabla ya mvua za mwezi wa tisa, kalenda inahesabiwa kurudi nyuma. Rangi na kutundika, mwezi wa nane. Fremu na pembe, mwezi wa saba. Mbao ziwe zimelazwa juu ya vijiti vyao tangu mwezi wa pili ama wa tatu, chini ya baraza la nyumba ya mteja mwenyewe ikiwa fundi hana nafasi, zikiwa zimelipwa moja kwa moja depo, huku pesa ya mikono ya fundi ikingoja hadi mzani wa maharagwe utakaposimama.